Nguvu Iulizwe Mwisho: Kuchagua Darubini ya Porini

Ukiingia duka la vifaa Kariakoo, au ukipekua masoko ya mtandaoni kutafuta darubini ya kwenda nayo porini, utakachouziwa kwanza ni namba. Hii inavuta mara ishirini. Hii mara hamsini. Ile yenye vioo vyekundu vinavyong'aa imeandikwa mara tisini, na bei yake haifiki ya jozi ya viatu vizuri. Mteja naye, kwa kuwa haja yake ni kumwona mnyama aliye mbali, huona hesabu iko wazi: inayovuta zaidi ndiyo bora. Akifika Mikumi na kuielekeza kwa twiga aliye ng'ambo ya uwanda, anaona kitu cha rangi ya udongo kinarukaruka ndani ya duara dogo lenye giza pembeni. Siku ya pili darubini inabaki kwenye begi.

Ni rahisi kulaumu bei. Lakini hata darubini ya gharama kubwa humwangusha mwenyewe ikiwa aliichagua kwa kuanzia kwenye nguvu ya kukuza. Yako maswali yanayotangulia: utakuwa unaangalia saa ngapi, utaishika kwa mkono au utaiweka juu ya stendi, uko kwenye vichaka au kwenye uwanda, na unataka kujua nini juu ya mnyama huyo. Kujua kwamba yupo ni kazi moja, kujua ni nani ni kazi nyingine, na kujua ana umri gani ni kazi ya tatu. Ukishajibu hayo, nguvu karibu itajichagua yenyewe.

Tuanze na mwanga, maana ndio unaodharauliwa kuliko yote. Kila darubini ya macho mawili huandikwa namba mbili, kwa mfano 8x42. Nane ni mara inazokuza. Arobaini na mbili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Gawa ya pili kwa ya kwanza upate 5.25: hiyo ndiyo milimita ya duara la mwanga linalotoka nyuma na kuingia kwenye jicho lako. Ishike darubini mbali na uso, uielekeze angani palipo na mwanga, na utaliona duara hilo likielea katikati ya kioo cha jicho. Darubini ya 10x42 hutoa milimita 4.2, ya 8x32 hutoa 4, ya mfukoni ya 8x25 hutoa 3 na kidogo, na ile ya 20x50 inayosifiwa kwa kuvuta hutoa 2.5 tu.

Mboni ya jicho nayo ina kipimo chake. Juani hujibana hadi milimita mbili au tatu. Gizani mboni ya kijana inaweza kufunguka mpaka saba, na kadiri umri unavyosonga ufunguko huo unapungua, hata mtu wa miaka hamsini na kitu huenda asivuke tano. Kwa hiyo mchana kweupe darubini ya mfukoni na darubini kubwa hulijaza jicho sawasawa, na mwenye 8x56 yenye duara la milimita saba anabeba kioo ambacho mwanga wake mwingi unaishia nje ya mboni. Alfajiri na jioni mambo yanageuka. Chui anaposhuka mtini, au viboko wanapoanza kutoka majini, mwenye 20x50 anaona kiza na mwenye 8x42 bado anahesabu madoa.

Hapa jiografia inaingia, na washauri wengi wa darubini huipita kwa kuwa wanaandikia watu wa Ulaya. Darubini ya 8x56 ilipata jina miongoni mwa wawindaji wa Ujerumani na Austria, wanaokaa juu ya ngazi ya kuwindia wakisubiri nguruwe mwitu mpaka mwezi utoke. Kule majira ya joto mwanga wa magharibi hukawia: mjini Berlin mwezi Juni, tangu jua lizame hadi uone umuhimu wa taa zinapita kama dakika hamsini. Karibu na Ikweta jua linazama wima. Ukiwa Ruaha au Tsavo, hesabu dakika ishirini hadi ishirini na tano, basi. Tena sheria zetu kwa kawaida haziruhusu kuwinda usiku, na ndani ya hifadhi nyingi magari ya watalii yanatakiwa yawe yamerudi kambini au yametoka getini saa za jioni. Kuning'iniza kilo nzima na ziada shingoni kutwa kwa ajili ya dakika ishirini ni biashara ya hasara. Milimita 42 zinatosha kwa dakika hizo, na anayetembea sana kwa miguu hatajuta akishuka mpaka 32.

Suala la pili ni mkono. Darubini inakuza mnyama, na inakuza mtetemo wa mikono kwa kiasi kilekile. Mara nane, watu wengi wanaweza kuituliza. Mara kumi inataka mazoezi, viwiko vibanwe kifuani au mgongo uegemee mti. Mara kumi na mbili na kuendelea, bila pa kuegemeza, unachokipata kwa ukubwa unakipoteza kwa mtikisiko. Ndani ya gari ni vibaya zaidi: injini ikinguruma, au mwenzako akihama kiti, picha nzima inacheza. Waongoza watalii wazoefu huzima injini kwanza ndipo wainue darubini, kisha huikalisha kwenye kifuko kilichojazwa mchanga au maharage juu ya ukingo wa paa lililofunguliwa. Kifuko hicho cha gharama ndogo huongeza uwezo wa darubini kuliko dola mia tatu za kioo bora.

Nguvu ikipanda, uwanja unaoonekana unabana. Kwa umbali wa mita 1,000, darubini nzuri ya 8x42 hukuonyesha upana wa mita 130 hivi, na ya 10x42 kama mita 110. Tofauti inaonekana ndogo kwenye karatasi. Kwenye miombo ya Rungwa, ambako jicho linapenya mita themanini tu kisha majani yanafunga, unakuja kuielewa. Kundi la nyati limekuhisi, linasogea nyuma ya vichaka, na una sekunde chache za kumpata dume kati ya majike. Kwa mara nane unaingia palepale jicho lako lilipokuwa, na kina cha picha kinakuruhusu kuona kijani cha mbele na pembe za nyuma bila kuzungusha gurudumu kila mara. Kwa mara kumi na mbili unaanza kuuliza, "Yuko wapi?" huku nyati wakiondoka.

Kwa mpenzi wa ndege na wanyama wadogo hali ni hiyohiyo, pengine zaidi. Katika msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, sengi anayepekua majani makavu kwa pua yake anaweza kuwa hatua kumi kutoka ulipo, na yule bundi mdogo wa Sokoke akipatikana mchana huwa amejibanza kwenye kichaka mbele ya uso wako. Mtu mwenye darubini isiyoweza kusafisha picha chini ya mita tano analazimika kurudi nyuma, akanyage kijiti, na mnyama au ndege aende zake. Umbali mdogo kabisa wa fokasi huandikwa kwenye kila maelezo ya darubini na karibu hakuna anayeusoma. Kwa msituni, tafuta mita mbili au pungufu.

Basi ni nani anayehitaji mara kumi? Mtu wa uwanda. Simanjiro, Serengeti ya kusini, Maasai Mara, mwambao wa Natron: huko nyasi ni fupi na macho yanakwenda kilomita nyingi. Anayetafuta duma juu ya kichuguu, au anayewafuata tai kwa macho aone wanashukia wapi, atafaidi mara kumi. Na hata huko kipo kizuizi ambacho hakuna kiwanda kinachoweza kukiondoa, nacho ni hewa yenyewe. Kuanzia saa tatu au saa nne asubuhi ardhi inapata moto, hewa ya chini inaanza kuchemka, na mazigazi yanatanda. Swala wanaonekana wamekatika miguu, wanaelea juu ya maji yasiyokuwepo. Ukiongeza nguvu unakuza mchemko huo. Saa saba mchana kwenye uwanda wa Ndutu, darubini ya stendi iliyowekwa mara sitini huonyesha supu. Iteremshe mpaka ishirini na utaona zaidi. Anayetaka kuangalia mbali aamke mapema.

Darubini ya stendi, ile ya jicho moja yenye kusimama juu ya miguu mitatu, ina watu wake. Ni nzito: yenye lenzi ya milimita 65 huwa na kilo moja na robo hadi moja na nusu, ya milimita 80 au 85 hukaribia kilo mbili, na bado hujabeba stendi. Haifai kwa anayetembea nyuma ya mfuatilia nyayo, haifai ndani ya msitu, na ndani ya gari la watalii sita ni usumbufu. Nimeona watu wengi wakiinunua kwa sababu picha za wawindaji wa Marekani zimewatamanisha. Wale wanakaa juu ya mlima wa Arizona au Montana, wakichambua mteremko wa pili jiwe kwa jiwe kutwa nzima, na mnyama yuko kilomita mbili ng'ambo ya bonde. Uwindaji wa namna hiyo huku kwetu ni nadra. Mhadzabe wa bonde la Eyasi, ambaye upinde wake unamtaka amkaribie mnyama kwa hatua chache, angekicheka chombo hicho.

Hata hivyo iko kazi moja ya uwindaji ambayo nadhani darubini ya stendi ingepaswa kuwa lazima, nayo ni ya simba. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kwa hiyo kule darubini ni ya kutazamia tu. Tanzania iliendelea na uwindaji wa kitalii kwenye vitalu, na kanuni zake zinataka simba anayewindwa awe dume mwenye umri wa miaka sita au zaidi. Sababu ni ya kibiolojia. Dume kijana akiuawa, madume mapya huingia kwenye familia yake na kuua watoto wachanga, hivyo risasi moja inabeba vifo vingi. Swali ni hili: utajuaje miaka ya simba aliyelala kivulini?

Mwaka 2004 Karyn Whitman, Craig Packer na wenzao walichapisha katika jarida la Nature jibu lililotokana na simba wa Serengeti ambao umri wao ulijulikana tangu kuzaliwa. Simba mdogo ana pua ya waridi. Kadiri anavyokua, pua inaingia vidoa vyeusi, vinaongezeka, vinaungana. Kwenye miaka mitano au sita, nusu ya pua au zaidi huwa imekuwa nyeusi. Wawindaji bingwa hawategemei pua peke yake. Wanasoma pia manyoya ya shingo, makovu ya usoni, meno akipiga miayo na jinsi ngozi ya tumbo ilivyolegea. Lakini pua ni ushahidi mzuri, na ni ushahidi mdogo sana kwa ukubwa.

Tupige hesabu. Jicho zima la binadamu, kwa umbali wa mita 150, haliwezi kutenganisha vitu viwili vilivyo karibu kuliko sentimita nne na nusu hivi. Pua ya simba haizidi sana upana wa kiganja, kwa hiyo kwa macho matupu pua nzima ni nukta moja au mbili. Darubini ya mara kumi, ikiwa imetulia kabisa, inashusha kipimo hicho hadi milimita nne na nusu. Ikiwa mkononi mwa mtu ambaye moyo unamdunda kwa sababu simba yuko mbele yake, sema milimita saba au nane. Hapo utaona kwamba pua ina mchanganyiko. Hutaona kama weusi ni theluthi au ni nusu. Darubini ya stendi kwa mara thelathini inakupa milimita moja na nusu, na vidoa vinaanza kuhesabika. Tofauti ya simba wa miaka minne na wa miaka sita imo ndani ya milimita hizo chache. Mteja aliyelipa maelfu ya dola kwa safari ya kuwinda simba, na ambaye kundi lake halina chombo hicho, anakisia, na kukisia kwa risasi hakurekebishiki.

Hapo hapo niseme jambo ambalo wawindaji wanalijua na baadhi yao wanalipuuza: darubini ya kwenye bunduki si ya kutafutia wanyama. Popote inapotazama, mtutu unatazama. Kile kilichotingishika kichakani huenda ni mchunga ng'ombe, mama wa kuni au mrina asali. Mwindaji asiye na darubini ya mkononi hajakamilika, hata bunduki yake iwe ya thamani gani.

Kundi la pili linalostahili darubini ya stendi ni watu wa ndege wa majini. Kila Januari, watu wa kujitolea hujipanga kando ya Nakuru, Naivasha na maziwa mengine ya Bonde la Ufa kuhesabu ndege wa maji. Kazi yao ni kukaa mahali pamoja na kufagia ufuko kwa jicho kutoka mwisho hadi mwisho. Huwezi kuwasogelea, maana matope yanakuzuia na ndege watatimka. Vitwitwi wadogo mia mbili wamechanganyikana ukingoni, na anayewahesabu anatakiwa ajue nani ni nani kwa vitu kama rangi ya miguu: kuna wenye miguu myeusi na kuna wenye miguu ya manjano iliyofifia, na walio na tope hawasaidii. Mida Creek karibu na Watamu ni hivyohivyo maji yakikupwa. Mara ishirini na tano hadi thelathini na tano zinamaliza karibu kazi yote. Wanaotangaza darubini ya mara 20 hadi 60 hawakuambii kwamba, kwenye mara sitini, lenzi ya milimita 80 inatoa duara la milimita 1.3 tu: picha ina giza, mazigazi yamejaa, na kila upepo unatikisa stendi. Afadhali lenzi ya jicho yenye nguvu moja, au inayoanzia chini na yenye uwanja mpana.

Kuhusu umbo, kuna zilizonyooka na kuna zilizopindwa nyuzi 45. Iliyonyooka ni nyepesi kuielekeza, hasa dirishani mwa gari. Iliyopindwa inamfaa anayesimama na kundi: mrefu anainama, mfupi anafika, na hakuna haja ya kupandisha na kushusha stendi kila mtu anapokuja. Halafu usibane matumizi kwenye stendi. Stendi nyepesi ya simu chini ya darubini ya dola elfu moja inaifanya iwe darubini ya dola mia.

Sasa tuje kwenye kioo chenyewe, ambako fedha nyingi inaishia. Ubunifu wa msingi ni wa zamani. Mtaliano Ignazio Porro alipata hataza ya mfumo wake wa prizimu mwaka 1854, na Zeiss ya Jena, kwa kazi ya Ernst Abbe, ilianza kuuza darubini za mkononi za aina hiyo mwaka 1894. Ndizo zile zenye mabega mapana, ambazo lenzi za mbele zimeachana kuliko za jicho. Zilizonyooka kama mabomba mawili zina prizimu za aina nyingine, ngumu zaidi kuzitengeneza, na kwa miaka mingi picha yake ilikuwa na upungufu kidogo mpaka Zeiss ilipoleta tabaka maalumu la kuisahihisha mwaka 1988. Sheria ya sokoni inatokana na hapo: kwa pesa ndogo, mabega mapana hukupa picha bora kuliko mabomba yaliyonyooka ya bei ileile, kwa pesa ya kati na kubwa, mabomba yanashinda kwa kuwa ni membamba, hayaingii vumbi kirahisi na yanavumilia kugongwa.

Lililobadilisha darubini kuliko yote ni tabaka la kuzuia kuakisi, alilolivumbua Alexander Smakula ndani ya Zeiss mwaka 1935. Kila uso wa kioo kitupu hurudisha nyuma kama asilimia nne ya mwanga. Darubini ina nyuso kumi hadi kumi na sita za namna hiyo. Kwa nyuso kumi na sita zisizo na tabaka unabaki na nusu ya mwanga ulioingia, na ile nusu nyingine haijapotea tu: sehemu yake inazunguka ndani na kuipaka picha weupe. Tabaka nyingi za kisasa zikifanywa vizuri katika kila uso zinabakiza zaidi ya asilimia tisini. Zile lenzi nyekundu za dukani zinaakisi mwekundu ili zionekane za ajabu, yaani zinatupa nje mwanga ambao ungepaswa kuingia. Ukitazama lenzi nzuri kwa pembeni utaona mng'ao hafifu wa kijani au zambarau, na kioo kinaonekana kama hakipo.

Vioo maalumu vyenye kupunguza kingo za rangi navyo vina faida ya kweli, ila si ya lazima kwa kila mtu. Utaikuta faida hiyo ukimtazama furukombe mwenye kichwa cheupe dhidi ya anga, au pembe nyeusi za palahala dhidi ya mawingu: kwenye kioo cha kawaida ukingo unapata uzi wa zambarau. Kwa anayetaka kuona simba na tembo likizoni, uzi huo haumkoseshi usingizi.

Vifaa vya umeme navipita haraka. Darubini zenye kupima umbali kwa leza zipo tangu Leica Geovid ya 1992 na zinamfaa mwindaji wa uwandani. Zenye kutuliza picha, ambazo Canon ilizileta sokoni mwaka 1995, zinafanya maajabu ndani ya mashua na kwa wazee wenye mikono inayotetemeka, mradi una betri. Mwaka 2024 Swarovski walitoa moja inayokutajia jina la ndege unayemwangalia. Sioni haraka ya kuinunua. Mwongozaji mzuri wa Amani au Kakamega anakutajia jina, na sauti, na mti anaopenda kutagia.

Kinachoua darubini Afrika Mashariki ni vumbi na unyevu. Vumbi la Amboseli ni laini kama unga na ndani yake mna chembe ngumu. Mtu anayelifuta kwa ukingo wa shati au shuka anasugua lenzi kwa msasa. Puliza kwanza, piga kwa brashi laini, kisha ndipo kitambaa safi chenye mvuke wa pumzi. Pwani adui ni mwingine. Mombasa, Unguja, Mafia: chumvi inakula skrubu, na unyevunyevu unaonaswa ndani ya mfuko wa ngozi uliofungwa kabatini huzaa kuvu juu ya kioo, nyuzi nyeupe mithili ya utando wa buibui. Kuvu ikishashika, tabaka limekwisha. Darubini iliyojazwa nitrojeni na kuzibwa isiingie maji si anasa kwa mtu wa pwani, na ihifadhiwe mahali penye hewa pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu. Mafundi wa kuinyoosha darubini iliyoanguka ni wachache mno huku, kwa hiyo mkanda imara na dhamana inayoweza kudaiwa kutoka nje vina uzito wake katika bei.

Bei zenyewe ziko katika ngazi tatu hivi. Chini ya dola mia ni bahati nasibu, ingawa mabega mapana ya kampuni inayojulikana yanaweza kukupendeza. Kati ya dola mia mbili na mia tano ndipo penye thamani kubwa kuliko popote, na darubini za 8x42 za ngazi hiyo leo ni bora kuliko nyingi za kifahari za miaka arobaini iliyopita. Kupita dola elfu mbili unanunua asilimia chache za mwisho: ukingo wa picha usiofifia, uzito uliosawazishwa, na miaka thelathini ya matumizi. Mwenye kuishi kwa macho yake, kama mwindaji bingwa au mwongozaji wa ndege, ana haki ya kuzitamani. Na hapa nina neno kwa kampuni za utalii. Mnawapa wageni darubini sita hafifu ndani ya gari huku mwongozaji, ambaye ndiye anayemtafuta chui kwa ajili ya wote, ana ya kuazima. Mpeni yeye moja nzuri. Kwa anayeanza na hana hakika, matembezi ya Jumatano asubuhi ya Nature Kenya jijini Nairobi ni mahali pazuri pa kujaribu za wenzako kabla hujatoa pesa.

Siku ya kununua, usiijaribu ndani ya duka. Toka nayo nje. Bana au panua mirija mpaka uone duara moja. Mtoto na mtu mwenye uso mwembamba wahakikishe inabana vya kutosha, na mvaa miwani akunje vikombe vya macho na atafute maelezo yenye umbali wa jicho usiopungua milimita 15. Kisha funga jicho la kulia, safisha picha ya kushoto kwa gurudumu la katikati. Funga la kushoto, safisha ya kulia kwa kuzungusha kikombe chake au pete iliyo karibu nacho. Wengi hawajawahi kufanya hivyo maishani na wanadai darubini yao ni mbovu. Tazama antena juu ya ghorofa la mbali: ionekane moja, si mbili zilizopishana, na isiwe na kingo za rangi nene. Tazama maandishi madogo ya bango, kwanza katikati ya picha, halafu pembeni. Liangalie duara la mwanga: likiwa na pembe pembe badala ya kuwa mviringo, prizimu ni za kubania. Ikae machoni dakika tano nzima. Kichwa kikianza kuuma, mirija haiko sambamba. Usiielekeze kwenye jua wala kwenye kambi ya jeshi. Muuzaji akikataa usitoke nayo mlangoni, mwachie.